Mgeni wa Kabambare na Kivinjari cha Waridi

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wengi wetu tukiisikia methali hii, mate hutujaa mdomoni. Tunamwaza kuku anayechinjwa kwa heshima ya mgeni, na watoto wa nyumba wanaoponea mchuzi. Sawa, hilo nalo ni kweli, wala silipingi. Lakini yapo magonjwa ambayo mchuzi hauyatibu, na yupo mwenyeji anayemziba mgeni mdomo kwa chakula, kumbe dawa yake anayo mgeni huyohuyo. Kama huamini, muulize Waridi wa Kasongo.

Waridi alikuwa na sekretaria yake karibu na soko: chumba kimoja kinachotazama barabara, kompyuta moja, printa moja, na betri iliyolishwa na paneli mbili za jua juu ya bati. Watu walimletea barua za kuandika, vyeti vya kutolewa kopi na fomu za kujazwa kwenye intaneti. Alikuwa mwepesi wa vidole na mwepesi wa ulimi. Ukitaka barua isiyo na kosa, watu walisema, nenda kwa Waridi. Sifa hizo alizijua, na zilimkaa vizuri kama kitenge kipya.

Ndiyo maana wanawake arobaini wa chama cha Tujikaze, wakulima wa mpunga, walimkabidhi jambo zito. Shirika moja lilitangaza kwamba litavipa vyama vya wanawake mashine za kukoboa mpunga. Maombi yalipokelewa kwenye tovuti yake tu, na mwisho ulikuwa Alhamisi saa kumi alasiri. Wanawake hao walikuwa wamechoshwa na kutwanga. Viganja vilijaa malengelenge, mchele ulikatikakatika kinuni, na wanunuzi waliukunjia uso. Jumatatu jioni Carine, mwenyekiti wao, alileta karatasi zote ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na neno la siri la kufungulia akaunti ya chama kwenye tovuti hiyo, akazikabidhi kwa mikono miwili.

"Ma Waridi, sisi wote tuko nyuma yako," alisema. "Tukikosa mwaka huu, binti zetu nao watazeekea kwenye kinu."

"Iko kazi ya nusu saa tu," Waridi akajibu. "Nenda ulale."

Nusu saa! Laiti angejua.

Jumanne asubuhi alifungua kivinjari chake, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Kabla fomu haijatokea, ukaruka ukurasa mwekundu ukimpongeza kwa kushinda gari. Akaufunga. Ukaja mwingine unaouza dawa ya upara. Akaufunga huo pia, na kivinjari chote kikajifunga puu, fomu ikapotea. Akaanza upya mara nne, na mara nne yakawa yaleyale.

"Ni rezo mbaya," alisema Faradji, shemeji yake, akiulaumu mtandao kwa sauti ya mtu anayejua mambo. "Mvua ikinyesha, rezo inalewa."

Faradji huyo ndiye aliyemletea kivinjari hicho ndani ya flashi, kutoka kwa rafiki yake muuza nyimbo sokoni. Mega, yaani data za intaneti, ni ghali Kasongo, basi programu hupita kutoka flashi hadi flashi kama jirani anavyomwazima jirani chumvi, na hakuna anayeuliza ilikotoka. Hicho kilisifiwa kuwa kinabana mega. Mtaa mzima walikuwa nacho, mtaa mzima walikuwa wanashindishwa magari, na mtaa mzima waliilaumu rezo.

Alasiri hiyo pikipiki ilisimama mlangoni, akashuka mwanamke aliyepakaa tope mpaka magotini. Alikuwa Régina, muuguzi wa kituo cha afya huko Kabambare. Alikuja kupokea dawa za kituo, lakini lori lililozibeba lilikuwa limekwama njiani, naye hakuwa na la kufanya ila kulisubiri. Mume wa Waridi, Musafiri, ambaye wakati huo alikuwa safarini, miaka yote alilala kwa akina Régina kila alipopeleka chumvi na sabuni Kabambare. Kwa hiyo hapakuwa na swali Régina angefikia wapi.

Bi Safia, mama mkwe wa Waridi, alimpokea kwa mikono yote miwili. Na kwa Bi Safia ugeni ulikuwa na sheria. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alipenda kusema. Kabla ya siku ya tatu mgeni wake hakuruhusiwa kugusa hata ufagio. Kazi yake ilikuwa kula, kuoga na kusifiwa kuwa amenenepa.

Régina alikaa kwenye kiti cha heshima, sahani ya samaki wa mto Lualaba mapajani, akimtazama Waridi akipambana na kompyuta.

"Dada Waridi," alisema taratibu, "hii si rezo. Ugonjwa iko ndani ya..."

"Kula samaki, mama!" Bi Safia akamkatiza. "Mugeni hatibu wagonjwa kwangu."

Waridi alicheka, ingawa moyoni alikuwa amechomeka. Tuseme ukweli: alimdharau. Mtu ametoka kwenye tope la Kabambare leo, aje kunifundisha kompyuta mimi, mtoto wa mji? Alimwongezea wali mgeni wake mpaka sahani ikafurika, na Régina hakuweza kusema tena kwa sababu kinywa kilikuwa na kazi nyingine.

Jumatano mambo yalizidi kuharibika. Mchana, baada ya magari mengi ya bure, ukatokea ukurasa wenye rangi na nembo ya shirika, ukidai neno la siri la chama. Waridi akashusha pumzi. Hatimaye!

Régina aliinuka kitini, bilauri ya chai mkononi. "Dada, ngoja. Soma anwani kule juu. Lile jina si la shirika."

"Mama Régina, miaka saba niko kwenye kazi hii," Waridi akajibu bila kugeuka. "Wewe kunywa chai."

Akaandika neno la siri, akabonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukazimika. Fomu haikuja. Pale ndipo Waridi alipoisoma anwani, akaona imejaa herufi na tarakimu asizozijua, na jina la shirika limo katikati limepachikwa tu. Alikuwa amempa mtu asiyemjua ufunguo wa nyumba ya wanawake arobaini. Jioni Carine alipopita kuuliza, Waridi alisema kazi inaendelea, akaingia chumbani akalia.

Alhamisi kukicha, Bi Safia aliweka jembe mlangoni. "Siku ya tatu," alitangaza. "Mugeni sasa ni mutu wa nyumba. Muhogo uko pale nyuma unamngoja."

Régina alilishika jembe, akalipima uzito, akaliegemeza ukutani. "Asante, Mama. Muhogo nitaulima jioni. Leo shamba langu iko sekretaria."

Bi Safia alifungua kinywa, akakumbuka kuwa sheria ni yake mwenyewe, akakifunga. Waridi, macho yamemvimba, aliinuka. Alivuta kiti chake mwenyewe na kumwachia mgeni.

"Mgonjwa akija na homa hatumpi dawa kabla ya kumpima," alisema Régina. "Tuanze na rezo munayoisingizia."

Akaandika anwani ya shirika kwenye simu yake, akitumia rezo ileile, katika chumba kilekile. Fomu ikafunguka mara moja, safi, bila gari wala upara.

"Rezo nzima. Tovuti nzima. Kinachobaki?"

"Kivinjari," alijibu Waridi kwa sauti ndogo.

Régina akaingia kwenye mipangilio ya kivinjari. Humo wakakuta vijiprogramu vitatu vilivyojibandika, ambavyo Waridi hakuwahi kuviweka. Akavifuta vyote, akakifunga kivinjari, akakifungua tena. Vimerudi, vyote vitatu!

"Umeona? Ubovu umo ndani yake tangu kilipotengenezwa upya na huyo aliyekigawa. Mwaka jana kompyuta ya ripoti pale kituoni ilishikwa na hiki hiki, fundi akanionyesha siku nzima. Hiki hakitibiwi, dada. Hiki kinazikwa."

"Lakini kinabana mega!" Faradji akalia.

"Na picha za magari yote haya zinaingia kwa mega za nani, shemeji?"

Faradji akanywea, akaenda kusimama karibu na printa.

Wakakiondoa, pamoja na kila kilichoingia nacho. Régina hakutaka kivinjari kingine cha flashi, hata cha kupewa bure. Alichagua kile ambacho waundaji wake wanajulikana na hukirekebisha kila mara. Akakipakua kwa simu kutoka tovuti yao wenyewe, akiisoma anwani herufi kwa herufi, kisha akakihamishia kwenye kompyuta kwa waya. Kilishuka polepole mno. Mawingu yalikuwa yamelifunika jua, na taa ya betri ikaanza kuwa nyekundu. Carine alifika na wenzake sita, wakasimama mlangoni, na safari hii Waridi hakuwaficha.

"Nilikosa," aliwaambia. "Niliandika neno letu la siri mahali pabaya. Mgeni alinionya, nikamnywesha chai."

"Basi tulibadilishe kwanza, kabla ya fomu," alisema Régina. "Mwizi akija akute kufuli jipya."

Saa nane na nusu kivinjari kipya kilifunguka. Wakabadilisha neno la siri. Wakafungua fomu, nayo ikatulia kama maji mtungini. Sasa ilikuwa zamu ya Waridi, na vidole vyake vikaonyesha jinsi vilivyojijengea jina: majina arobaini, ukubwa wa mashamba, magunia ya mwaka uliopita, karatasi za chama moja baada ya nyingine. Saa tisa na robo akabonyeza kutuma. Watu wote wakaisogelea kompyuta.

"Maombi yenu yamepokelewa," Waridi akasoma. Akasoma tena, kwa kelele. Carine akapiga kigelegele kilichosikika mpaka sokoni, na kompyuta, kana kwamba imemaliza kazi iliyoletwa duniani kuifanya, ikazimika kwa kukosa umeme.

Ijumaa ulikuja ujumbe kutoka kwa shirika: mtu asiyejulikana alijaribu mara tatu, usiku, kuingia kwa neno la siri la zamani, akashindwa. Waridi alipousoma, aliweka mkono kifuani. Wiki hiyo alitembea mtaa mzima na kivinjari kipya, akizika kile cha zamani nyumba kwa nyumba, Faradji akimbebea waya.

Miezi mitatu baadaye mashine ilishushwa Kasongo. Siku ya kuiwasha, Tujikaze walimwalika Régina, akaja na tope lake lilelile la Kabambare. Mpunga wa kwanza ukaingia, mchele ukatoka mzima, mweupe, na wanawake waliokuwa na malengelenge wakauchota kwa viganja wakicheka na kulia. Waridi alikuwa amemsubiri Régina na vitu viwili: sahani ya wali mpya mkono wa kulia, na jembe mkono wa kushoto.

"Dada yangu," alisema, "nyumbani kwangu huna tena siku mbili. Kula, huku unanieleza nilichokosea."

Bi Safia alitikisa kichwa kwa sheria yake iliyovunjwa, kisha akaangua kicheko, akamwongezea mgeni paja la kuku. Wanawake wote arobaini walikula wakashiba siku hiyo, lakini si kuku aliyewaponya. Mgeni njoo, mwenyeji apone.