Mbiu ya Kinywa cha Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kiwandeo, palikuwa na mpiga mbiu fukara, jina lake Mwanamize, mwenye sauti ya mbuzi aliyekanyagwa mguu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeieleza hivyo. Majirani walikuwa wakali zaidi. Kazi aliirithi kwa babaye, pamoja na pembe ya nyati na njaa. Ilikuwa desturi kila nyumba itoe pishi ya mtama kila mavuno, ili mpiga mbiu ale na mji upate habari zake: kisima kilichokauka, mtoto aliyepotea, moto uliozuka.

Basi Sultani Badawi akautia mkono mtama ule. Ukawa unapita kwanza ghalani kwake, na Mwanamize akipewa pumba. Tena akaamriwa asitangaze ila kwamba Sultani hajambo. Ikawa kila jioni anapuliza pembe, "Sultani hajambo!" na madirisha yanafungwa, paa! paa! "Hata mimi ningejifungia," akawaza, "ila mlango wangu hauna komeo."

Watu wakaanza kugoma kutoa mtama. Sultani akaghadhibika, akamwita Mwanamize.

"Ewe mwanamke, watu hawakusikilizi. Una sauti mbaya."

"Hilo, bwana wangu, halina ubishi."

"Basi utakaa nyuma ya pazia hili. Kila neno litokalo kinywani mwangu ulitangaze, usiongeze, usipunguze. Na Ijumaa uwanja usipojaa, pembe naitwaa, nawe uhame mji."

Mwanamize, ambaye kwa kawaida hujibu kabla hajaulizwa, akainama tu. "Nimesikia, nitatii." Kumbe anawaza: atahamia wapi, na ujuzi wake wote ni kupiga kelele?

Akakaa nyuma ya pazia tangu asubuhi. Alasiri akasimama uwanjani.

"Sultani asema: 'Mchuzi huu kaupika nani, adui yangu?' Sultani asema: 'Sugua chini kidogo. Hapo! Aaa, hapo hapo.' Sultani asema: 'Waziri akitoka, fukizeni udi, ananuka kitunguu.'"

Dirisha moja likafunguka. Kisha jingine. Wanawake wakatoka na miiko mikononi. Kufika Ijumaa, uwanja haukuwa na pa kutia mguu.

"Sultani asema: 'Mtama wa mbiu wapeni tausi wangu. Nani atajua?'"

Ajuza mmoja, Bi Tatu, akapaaza sauti: "Pishi yangu mimi? Kwa ndege?" Umati wote ukaelekea lango la kasri.

Mwanamize akaitwa mbio.

"Umenivua nguo!"

"Bwana wangu, nionyeshe neno moja nililoongeza, unikate ulimi. Majirani watakushukuru."

Sultani akatafuta, asilione. Akamtazama waziri, waziri alikuwa akijinusa kwapa.

"Na nikinyamaza je?"

"Nitatangaza kwamba leo Sultani amenyamaza. Nadhani watakuja wengi zaidi."

Hapo Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka. Lakini kelele za langoni zikamkata kicheko. Akaamuru ghala lifunguliwe, mtama wa mbiu ushikwe na watu wa mitaa, na mpiga mbiu atangaze ayaonayo.

"Nenda ukawaambie."

"Mimi, bwana wangu? Hawataamini. Leo nenda mwenyewe."

Basi Sultani akatoka, akayasema kwa haya, macho chini.

"Sema kwa nguvu, baba!" akaita Bi Tatu. "Huku nyuma hatusikii!"

Akarudia. Hekaya imekoma hapa. Asiyeridhika akawaulize tausi.