Wiki Sita za Kumkwepa Mama Gwakisa

Wapendwa, palikuwa na dada mmoja katika mji wa nyanda za juu, kule ambako hata mchana watu hawavui sweta. Jina lake Tusekile. Kazi yake ilikuwa kusimamia mashine ya kusaga, na gunia la mahindi ambalo wanaume wawili walilibeba huku wakilalamika, yeye alilinyanyua peke yake, kisha akauliza, "Lingine liko wapi?"

Sasa wanawake wa soko lile walikuwa wamechoka kuporwa mikoba alfajiri wakienda kufungua biashara. Wakamwendea mama mmoja mstaafu wa magereza, ambaye enzi zake alifundisha judo kazini, wakamwomba awafundishe na wao. Akakubali. Wakapewa ukumbi wa kata kila Jumamosi mchana, wakatandika magodoro ya sponji, wakaanza. Mwalimu wao walimwita Afande tu, na Afande huyo hakuwa na mchezo. Kabla ya kuwafundisha kuangusha mtu, aliwafundisha kuanguka. Mwezi mzima, kuanguka tu! Na walipoanza kurushana, kila mara aliwarudia neno hili: "Ukimrusha mwenzako, usiuachie mkono wake. Mshikilie mpaka atue. Mwenzako si adui. Amekuazima mwili wake ujifunzie."

Mwenzake Tusekile kwenye mazoezi alikuwa Mama Gwakisa, mpika chapati wa karibu na stendi, mwanamke wa umri wa mama yake. Walipendana wale. Mama Gwakisa akianguka anacheka, akiinuka anacheka, anasema, "Rudia, mwanangu, hiyo sikuiona vizuri."

Jumamosi moja wakaja wageni kutazama, viongozi wa kata na akina mama wa mtaa wa pili. Afande akasema, "Leo polepole. Tunaonyesha tu." Lakini Tusekile alitaka aonekane. Au nani hapa ndani hajawahi kutaka aonekane? Akamkamata Mama Gwakisa, akageuka, akampandisha nyongani, akamrusha kwa nguvu zake zote za magunia. Watu wakapiga makofi. Na Tusekile, kwa kusikia makofi yale, akauachia mkono wa mwenzake kabla hajatua, ili ainue mikono yake mwenyewe juu.

Mama Gwakisa akaangukia bega. Waliokaa mbele walisikia mfupa ukialika.

Safari hii hakucheka. Alilala pale kwenye sponji, midomo imekuwa myeupe, anasema, "Msiniguse, msiniguse." Afande akavua mtandio wake, akamfunga mkono kifuani, wakaita bajaji. Wakati wa kupanda, Mama Gwakisa akageuza shingo, akauliza, "Tusekile yuko wapi?"

"Tangulieni," Tusekile akasema. "Nafunga ukumbi, nakuja."

Akafunga ukumbi. Hakwenda.

Alifika hadi njia panda ya hospitali, akasimama. Nitamwambia nini? Jioni ile akajisemea, nitakwenda kesho, atakuwa amepumzika. Kesho yake akasema, leo ndugu zake watajaa, ngoja waondoke. Siku ya tatu alikuwa na aibu mbili: ile ya kumwumiza na hii ya kutokwenda. Mnaijua hesabu hiyo? Kila siku unayochelewa, mlango unakuwa mzito zaidi, na wewe mwenyewe ndiye unayeuongezea mbao.

Basi akaanza kumkwepa. Akaacha njia ya stendi, akawa anazunguka kwa nyuma ya ghala, dakika ishirini zaidi, kwenye matope. Jumamosi hakuonekana ukumbini. Simu ya namba asiyoijua ikilia, anaiacha ilie mpaka ikate. Na pale mashineni maneno yakaja yenyewe, maana watu wakisubiri unga hawanyamazi. Mmoja akasema, "Yule mama wa chapati, nasikia mkono hautanyooka tena." Mwingine akasema, "Mumewe ameapa kwenda polisi." Mpika chapati asiye na mkono! Atakanda na nini? Watoto wake watakula nini? Akakosa usingizi, akakonda, mpaka magunia yakaanza kumshinda. Yeye aliyemvunja mwenzake, sasa alikuwa anavunjika yeye, tena kidogo kidogo.

Wiki ya sita Afande akaja mashineni na debe la mahindi. Hakuwa na hasira usoni. Alisubiri zamu yake kama wengine. Unga ulipotoka, akauliza, "Umekwenda kumwona?"

"Bado, mwalimu."

"Bado ya wiki sita?"

Tusekile akaangalia chini. "Afande, mimi ndiye niliyemwachia mkono. Wewe ulituambia."

"Niliona," Afande akasema. "Kila mtu aliona. Hakuna siri hapo ya kuficha, kwa hiyo sijui unajificha nini." Akajitwisha unga wake, akaenda zake.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Tusekile hakupitia nyuma ya ghala. Alipita stendi. Mgahawa wa chapati ulikuwa umefungwa, lakini akaendelea hadi nyumbani kwa Mama Gwakisa, mkononi mfuko wa unga. Njia nzima alikuwa anajisomea maneno: nitapiga magoti, nitasema hivi, akinifukuza nitaondoka, mumewe akinishika nitakubali kupelekwa.

Alimkuta Mama Gwakisa amekaa uani kwenye kigoda, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, mbele yake beseni la unga, anajaribu kukanda kwa mkono wa kushoto. Mumewe alikuwa pembeni anachambua mchele. Alimwona mgeni, akanyanyuka, akaingia ndani.

"Shikamoo, mama," Tusekile akasema.

Mama Gwakisa hakuitikia. Akaendelea kukanda.

Tusekile akaanguka magotini, na maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani. Akasema tu, "Mama, nilikuachia mkono. Nilitaka wanipigie makofi. Nisamehe. Kama ni polisi, nitakwenda. Najua unanichukia kwa ajili ya bega lako."

Hapo Mama Gwakisa akaacha kukanda.

"Polisi ya nini?"

"Nimesikia baba ameapa..."

"Nani? Huyu? Huyu hata kuku akiiba mchele anashindwa kumfukuza." Kutoka ndani mumewe akasikika anakohoa. "Na bega linapona. Lilikuwa limeteguka, na mtulinga, huu mfupa wa chini ya shingo, ukapata ufa. Daktari amesema zimebaki wiki mbili nitoe kitambaa. Afande wako alikuja siku ya pili, akanionyesha vidole vyake vitatu, vyote vilishavunjika mazoezini. Bega, mwanangu! Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba mtu anayejifunza kurusha watu kuna siku atarusha vibaya. Ningeogopa hilo, ningebaki kwenye chapati zangu."

Tusekile akainua uso. "Basi hunichukii?"

"Hasira ninayo," Mama Gwakisa akasema, na sauti yake ikabadilika. "Tena nyingi. Ila si ya bega. Siku ile walipokuwa wananirudishia bega, nilikuwa naangalia mlango. Kila ukifunguliwa, nasema ndiye Tusekile huyo. Anaingia nesi. Ukifunguliwa tena, anaingia mfagiaji. Wiki sita nimeangalia mlango. Mkono uliuachia mara moja, kwa upumbavu wa ujana, nikakusamehe nikiwa bado ndani ya bajaji. Lakini kutokuja umefanya kila siku. Hiyo ndiyo iliyoniuma."

Tusekile akalia. Si kile kilio cha usiku alichokuwa anakibana kwenye mto. Kilimtoka kama maji ya bomba lililozibuka, na kila kilipotoka alihisi kifua kinapata nafasi. Wiki sita alikuwa amekimbia hasira ambayo haikuwapo, na kwa kukimbia ndiko alikoiumba ile iliyokuwapo!

Mama Gwakisa akamwacha alie hadi akanyamaza. Kisha akamsukumia beseni kwa mguu.

"Nawa mikono. Tangu jana nahangaika na unga huu. Na ile shikamoo yako, marahaba."

Tusekile akanawa, akakunja mikono ya sweta, akaanza.

"Taratibu!" Mama Gwakisa akapiga kelele. "Unakanda au unapigana nao?" Na akacheka, akalishika bega lake kwa maumivu, akaendelea kucheka. Ndani ya nyumba yule mume naye akacheka. Siku hiyo Tusekile alikula chapati nne, na usiku alilala mpaka kukapambazuka.

Ndugu zangu, na sisi je? Nani hapa hajamwumiza mtu? Baba umemwumiza mtoto kwa maneno. Mke umemwumiza wifi. Wewe mwanakwaya umemsema mwenzako, yakamfikia. Basi tunazunguka nyuma ya ghala! Tunabadili njia, tunabadili kiti kanisani, simu hatupokei. Tunajiambia, "Ananichukia kwa nilichomfanyia." Umemwuliza? Una hakika ni kile? Huenda kile alishakisamehe zamani, na kinachomuuma leo ni kutokuona sura yako.

Na kwa Mungu tunafanya vivyo hivyo. Tumeanguka, halafu tunakaa mbali mwaka mzima, eti tunangoja tuwe safi ndipo twende. Nani amekwambia anakungoja na rungu? Anakungoja wewe. Dhambi yako anaijua, aliiona, haina siri. Kinachomhuzunisha ni kila siku unayoongeza kukaa huko uliko, peke yako, unakonda kwa hofu ya adhabu ambayo hakuna aliyeitamka.

Sikuambii kuumiza mtu ni jambo dogo. Mfupa ulivunjika kweli. Nakuambia kwenda ni kwepesi kuliko unavyodhani, na usipange hotuba, itakutoka kichwani tu ukifika.

Haya, tusimame tuombe. Na ombi la leo nitalifanya fupi, maana naona humu kuna watu ambao wakitoka hapa hawaendi moja kwa moja nyumbani.