Bi Muhanga na Klabu ya Mchana Mwema

Paukwa!

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mtaa.

Wenyewe wamelala?

Hawajalala, kuna kelele.

Basi sogeeni karibu, na wewe huko nyuma acha kutafuna, maana hadithi hii inataka ukimya, na ukimya siku hizi haupatikani hata kwa kuazima.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa na mitaa na majirani na wajumbe kama sisi, palikuwa na mama mmoja jina lake Bi Muhanga. Mnamjua muhanga? Masikio ya punda, pua ya nguruwe, kucha za jembe. Chakula chake ni mchwa. Hutoka jua likizama, hurudi alfajiri, na mchana kutwa hulala shimoni. Ndivyo alivyoumbwa, hakuomba.

Nyumba ya Bi Muhanga ilikuwa shimo la vyumba saba. Bibi yake alichimba viwili, mama yake akaongeza vitatu, na yeye mwenyewe akamalizia viwili. Humo aliishi na binti yake mdogo, Sikujua, aliyepata jina hilo kwa kuwa alizaliwa siku ambayo hakuna aliyemtarajia.

Majirani zake walikuwa watu wa usiku kama yeye. Nungunungu alikaa upande wa juu, Bundi alikaa kwenye mti mkavu. Mchana mtaa ulikuwa kimya kiasi kwamba jani likianguka ungelisikia, ila hapakuwa na wa kulisikia kwa sababu wote walikuwa wamelala. Raha iliyoje.

Ndipo alipohamia Ngiri.

Ngiri ana meno mpaka yamemtoka nje ya mdomo, lakini kuchimba nyumba hajui. Alifika na mvua, analowa, anatetemeka. Bi Muhanga akamwonea huruma, akamchimbia shimo la kulala, wala hakudai hata asante. Ngiri akaingia kinyumenyume, kama ilivyo desturi yake, akalala usiku mzima na kuamka na afya tele.

Na afya ikizidi, mwenyewe hutafuta pa kuipeleka. Mwezi haukwisha, Ngiri akaanzisha klabu. Akaiita Klabu ya Mchana Mwema, mwenyekiti yeye, mpiga ngoma Nyani, wachezaji Nyumbu na Pundamilia na yeyote mwenye kwato na nafasi.

Wakatafuta uwanja. Nyani akabeba ngoma yake akaizungusha nyika nzima. Akapiga kando ya mto, ngoma ikasema pwa. Akapiga penye vichuguu, ngoma ikasema pwa. Akapiga juu ya nyumba ya Bi Muhanga, ngoma ikasema nduuu, na ardhi ikajibu nduuu.

"Hapa," Nyani akasema. "Ardhi ya hapa inaitikia."

Itaachaje kuitikia? Chini yake kuna nyumba ya watu.

Kesho yake, jua lilipofika utosini, ngoma ikaanza. Nduuu, nduuu. Kwato zikashuka. Mchanga ukawadondokea Bi Muhanga na mwanawe puani. Na wimbo ukapanda, wimbo mmoja tu, maana klabu nzima haikujua mwingine:

*Mchana mwema, nani kalala?*
*Mchana mwema, aamke acheze.*
*Mchana mwema, nani kalala?*

"Mama," Sikujua akauliza, "wanatuuliza sisi?"

"Hawatuulizi, mwanangu. Lala."

Lakini atalalaje? Ngoma ilipigwa mpaka jua likaelemea magharibi, kisha wachezaji wakaenda zao kulala, wakiwa wamechoka vizuri. Bi Muhanga na mwanawe wakatoka kwenda kazini wakiwa hawajalala hata lepe.

Ikawa hivyo siku ya pili. Ikawa hivyo siku ya tatu.

Sasa mimi ninayewasimulia sina ugomvi na ngoma. Nimeicheza mpaka goti likakataa. Lakini ngoma ina mahali pake, na mahali pake si juu ya kichwa cha mtoto wa watu.

Bi Muhanga akajipangusa mchanga, akaenda kwa Ngiri.

"Hodi, jirani."

"Karibu, Bi Muhanga. Umekuja kucheza?"

"Nimekuja kuomba. Sisi mchana ndio usiku wetu. Ngoma yenu iko juu ya kitanda cha mwanangu. Tunaomba msogee kidogo tu."

Ngiri akamsikiliza kwa adabu nyingi, akitikisa kichwa kila neno. Bi Muhanga akadhani amesikika.

"Nimekuelewa kabisa," Ngiri akasema. "Umejisikia umetengwa. Basi kuanzia leo wewe ni mlezi wa klabu, na kesho tutakupigia ngoma moja ya heshima."

Wakaipiga kweli. Ilikuwa ndefu kuliko zote.

Bi Muhanga akaona huku ni kumpigia mbuzi gitaa. Akaenda kwa mjumbe wa mtaa, ambaye alikuwa Nyati.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba. Una shida?"

"Nina shida ya klabu. Siku ya kumi na mbili leo sijalala. Mwanangu amekonda."

Nyati akacheua, akacheua tena. "Jambo hili lina taratibu zake," akasema. "Nitaitisha baraza. Kila mtu aje aseme lake. Keshokutwa, saa sita mchana."

"Mjumbe, saa sita mchana sisi tunakuwa tumelala."

"Si umesema hulali?"

Haya, niambieni nyinyi, hapo mtu anajibu nini?

Bi Muhanga akawazungukia majirani zake. Nungunungu akasema, "Kelele zile? Zimenichosha mpaka miba inanidondoka. Nitakuja, nitasema yote." Bundi akasema, "Mimi nitasema kabla ya Nungunungu." Bi Muhanga akarudi nyumbani na moyo umepoa kidogo, akamwambia Sikujua kwamba mambo yanakwenda kutengenea.

Siku ya baraza ikafika. Nyati akaketi kiti cha mbele, na kiti chenyewe kilikuwa cha klabu. Baraza likafunguliwa kwa ngoma. Bi Muhanga akasimama juani, macho yanamwuma, haoni mbele wala nyuma, akaeleza shida yake yote tangu mwanzo.

"Kuna mwingine mwenye malalamiko?" Nyati akauliza.

Nungunungu akatazama miguu yake. Akamwona Ngiri anamtazama, akamwona Nyumbu anamtazama. "Mimi," akasema, "nimeshazoea."

Bundi hakusema kitu. Mwanga ulimzidi, akasinzia palepale kwenye tawi, na Ngiri akamwonyesha kwa wote. "Mnaona wenyewe, mtu akitaka kulala analala."

Nyati akakata shauri. "Mlalamikaji ni mmoja, wachezaji ni wengi. Mzoeane. Baraza limefungwa." Na likafungwa kwa ngoma.

Hasira aliyokuwa nayo Bi Muhanga siku ile, mimi siwezi kuisema yote nikaimaliza. Alilia kwa hasira. Si hasira ya ngoma tu, ni hasira ya kusema jambo mara tatu kwa Kiswahili safi na watu wakutazame kama hujafungua mdomo.

Na huko nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Mtoto wa muhanga hujifunza kazi kwa kumfuata mama yake gizani, na Sikujua hakuweza tena kufuata. Alikwenda hatua tano akasinzia. Alisinzia pua ikiwa ndani ya kichuguu, mchwa askari wakamng'ata mpaka ikavimba, na hata hapo hakuamka. Siku moja Bi Muhanga alichimba, akageuka nyuma kumtazama mwanawe, akamkuta amelala chali katikati ya njia, na nyayo za Fisi zimepita hatua mbili tu kutoka kichwani pake. Nyayo zilikuwa mbichi.

Bi Muhanga akambeba mwanawe mgongoni mpaka nyumbani. Kulipokucha alikuwa ameshaamua kwamba nyumba hujengwa nyingine, mtoto hajengwi mwingine.

Akaenda kumuaga Ngiri, kwa kuwa alilelewa vizuri na mama yake.

"Jirani, sisi tunahama. Tunakwenda ng'ambo ya korongo."

Ngiri akafurahi mpaka mkia ukasimama. "Safari njema, Bi Muhanga, tutakukumbuka. Ila shimo utaliacha wazi, siyo? Vyumba vyote saba?"

"Kwa nini waniuliza?"

"Aa, si unajua. Ule mvumo wote wa ngoma unatoka mle ndani mwako. Pasipo shimo lako ngoma haisikiki. Sisi tulilijua hilo tangu siku ya kwanza."

Kumbe alijua. Siku zote zile, na adabu zote zile za kutikisa kichwa, kumbe alijua wazi kwamba anapiga juu ya nyumba, na nyumba ndiyo aliyoitaka.

"Usiwe na wasiwasi," Bi Muhanga akasema. "Nitaiacha kama desturi yetu inavyotaka."

Ngiri akashukuru. Hakuuliza desturi yenyewe ni ipi. Mtu asiyeuliza jirani yake analalaje, atauliza jirani yake anahamaje?

Desturi ya muhanga ni hii: chumba alichozaliwa mtu hakiachwi wazi. Mwenyewe akihama hukifukia kwa udongo uleule uliotoka humo, ili Fisi asije kulala alipolala mtoto. Na katika nyumba ile ya vyumba saba, kila chumba kilikuwa na mtu aliyezaliwa humo.

Kwa siku tatu, kila jua lilipozama, Bi Muhanga alifukia. Siku ya kwanza alifukia vyumba vyake viwili. Siku ya pili alifukia vitatu vya mama yake, na hapo mikono ilikuwa mizito, akapumzika mara nyingi. Siku ya tatu alifukia viwili vya bibi. Akashindilia udongo kwa miguu na mkia mpaka ukawa mgumu. Aliona uchungu, tusidanganyane. Kisha akambeba Sikujua wakavuka korongo.

Jua likafika utosini. Klabu ikakusanyika, na safari hii kwa nderemo zaidi, maana mlalamikaji ameondoka. Nyani akainua mikono akapiga.

Pwa.

Wakatazamana. Nyani akapiga tena. Pwa.

"Ngoma imelowa," Ngiri akasema. "Ikausheni."

Wakaiweka motoni. Ngozi ikakaza, wakaipiga, pwa. Wakaisogeza karibu zaidi, wakaipiga kwa nguvu zaidi, na ngozi ikapasuka toka huku hadi huku. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Hii ilipasuka kwa kutolia.

Siku ya pili wakaleta ngoma mpya. Pwa. "Si ngoma," Ngiri akasema, "ni mpigaji. Nyani amezeeka." Nyani akatukanwa mbele za watu, akawatupia fimbo za ngoma akapanda juu ya mti, na alipofika huko akawatukana na yeye.

Siku ya tatu akapiga Ngiri mwenyewe. Pwa. "Si mpigaji, ni wachezaji," akasema. "Nyumbu wanakanyaga ovyo." Nyumbu wakanuna. Pundamilia wakasema hawajawahi kuupenda ule wimbo. Nyati akachukua kile kiti cha mbele akaondoka nacho. Kufikia jioni klabu ilikuwa na mwanachama mmoja, naye ndiye mwenyekiti.

Ngiri akaketi peke yake uwanjani. Akagonga ardhi kwa kwato. Akagonga huku, akagonga kule, kote kumeshiba udongo. Ndipo akaelewa desturi.

Kesho yake akavuka korongo. Akatafuta mpaka akauona udongo mpya na mlango mpya.

"Hodi. Hodi, Bi Muhanga. Hodi."

Bi Muhanga akatoa pua nje, macho yamefumba nusu.

"Nani anapiga hodi saa hizi?"

"Ni mimi jirani yako. Nimekuja kuomba msamaha."

"Omba."

"Tulikukosea sana. Hatukukusikiliza. Sasa nimejifunza, na klabu yote imejifunza. Njoo uchimbe tena ile nyumba. Tutakuheshimu, tutakuletea na mchwa."

Bi Muhanga akafikiri kidogo. Alikuwa na moyo mwema, mmeshaona wenyewe, na nyumba ile ilikuwa ya mama yake. Kidogo akubali.

"Nikiichimba," akasema, "nyinyi mtapiga ngoma saa ngapi?"

Ngiri akashangaa swali lenyewe. "Mchana," akajibu. "Kama kawaida."

Bi Muhanga akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu klabu ianze. Alicheka taratibu, kwa kuzuia sauti, na Ngiri akadhani ni furaha, akaanza kucheka naye.

"Nenda nyumbani, Ngiri," akamwambia. "Na unaporudi, kanyaga polepole. Mwanangu amelala."

Akaziba mlango kwa udongo. Ndani, Sikujua alikuwa anakoroma.

Basi, wenzangu, mafunzo ni haya, wala msiseme sikusema. Kusikiliza si kutikisa kichwa. Na anayejenga raha yake juu ya usingizi wa jirani, siku jirani akihama ataona hana hata hiyo raha.

Hadithi yangu imeingia shimoni, nami naufukia mlango. Ikiwa tamu, mpelekeeni jirani. Ikiwa chungu, niachieni nilale nayo. Na mkitoka, tokeni kimyakimya.