Rungu Lililoruka Kitanga

Jeraha likishafunga, watazamaji husahau kwamba chini ya ngozi ile kulikuwa na damu. Ndivyo alivyosahau Pasikali wa Kitanga, wilayani Kasulu, mwaka 1998.

Alikuwa amerudi kutoka masomoni Dar es Salaam na kompyuta ya mradi wa kuhifadhi silaha za jadi za uwindaji. Alilipima rungu la kurusha la marehemu babu yake, lililoangusha kanga wengi enzi zake, akaliunda upya ndani ya kompyuta hata likawa linageuka pande zote kama la kweli. Kisha akalifanya liruke.

Kaka yake, Venanti, alimwonya. Alimweleza kuwa mkewe, Immakulata, aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto, hawezi kutazama rungu likirushwa. Pasikali akacheka. Shemeji yake alikuwa mchangamfu kuliko wote pale nyumbani. Tena hii ilikuwa picha tu, isiyoweza kuua hata nzi.

Siku ya maonyesho, ukumbi wa parokia ulifurika pomoni. Jenereta ikanguruma, watu wakasongamana mbele ya kioo cha kompyuta. Rungu likazunguka, likavuma, likawajia watazamaji usoni. Wengine walipiga makofi.

Immakulata alijitupa sakafuni, akamfunika kwa mwili wake mtoto wa jirani aliyekuwa kando yake.

“Lala,” alimnong’oneza. “Usiinue kichwa. Kaka aliinua.”

Makofi yalikatika. Mtoto alianza kulia, lakini Immakulata hakumwachia mpaka Venanti alipopiga magoti na kumwita mkewe kwa jina. Hapo ndipo alipoeleza, kwa mara ya kwanza, jinsi yeye na kaka yake walivyorushiwa marungu wakikimbia kuelekea mpakani, na jinsi mkono wa kaka huyo ulivyolegea ndani ya wake.

Usiku ule Pasikali hakupata lepe la usingizi. Kulipokucha aliufuta mruko wote wa rungu, akaenda jikoni kwa shemeji yake kuomba radhi.

Immakulata alikuwa akimenya mihogo. “Hukujua, shemeji,” alisema kwa upole.

Pasikali aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. “Niliambiwa,” akajibu.

Kisu kilisimama ndani ya muhogo. Immakulata hakucheka tena siku ile, na hakuna aliyethubutu kumchekesha. Kweli, mwenye kovu usidhani kapoa.