Aliyemletea Subilaga Ziwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni wakati ule simu za mkononi zilipokuwa na vitufe na picha zake zikitoka kama zimepigwa kupitia gunia, aliishi mama mmoja huko Rungwe, jina lake Subilaga. Alizaliwa chini ya mlima, akaolewa chini ya mlima, akazeeka chini ya mlima, na juu ya mlima huo kulikuwa na ziwa ambalo hakuwahi kuliona hata siku moja. Ziwa hilo ni Ngozi. Marehemu mumewe aliupanda mlima huo mara nyingi enzi za ujana, na kila aliposhuka alisimulia: maji ya kijani, kuta za mlima zimeyazunguka pande zote, kimya mpaka unausikia moyo wako mwenyewe. Subilaga alisikiliza akiwa na mtoto mgongoni au mtoto tumboni. Na siku alipobaki hana mtoto wa kubeba, magoti yakakataa.

Basi akawaita watu wake watatu. Akamwita Tusajigwe, binti yake mkubwa, mwalimu wa shule huko Mbeya mjini. Akamwita Lugano, mdogo wake Tusajigwe, kinyozi. Akamwita na Sekela, mke wa Lugano.

"Nimechoka kusimuliwa," akawaambia. "Sasa nataka kuona. Atakayeniletea ziwa, mtamba wangu ni wake."

Wote watatu wakageuka kutazama zizini. Mtamba mwenyewe alikuwa mweusi, tumbo limeanza kujaa mimba yake ya kwanza, na kila mtu pale alijua wingi wa maziwa ya ng'ombe aliyemzaa. Tusajigwe alikuwa na watoto wanne. Usiku ule ule, kabla hajalala, alishakwisha kuyagawa maziwa yale vikombe vinne kichwani mwake.

Ziwa halibebeki ila kwa picha. Mjini Mbeya palikuwa na duka lililouza kamera, na kwenye kabati la kioo zilikaa kamera ndogo mbili kama mapacha. Kampuni moja, umbo moja, zote za kuingia mfukoni. Moja nyeusi, moja ya rangi ya fedha. Jumamosi ya kwanza Tusajigwe alikwenda akaziangalia, akarudi. Jumamosi ya pili akaenda tena, akaziomba zote mbili mkononi, akarudi. Jumamosi ya tatu akaenda na Lugano, na muuzaji akawaeleza kwa uvumilivu wa mtu anayeeleza mara ya tatu. Nyeusi ilivuta kitu cha mbali kikaja karibu mara mbili zaidi ya mwenzake, lakini ilichelewa kuamka: ukiiwasha, lenzi yake ilitoka polepole kama kobe anayetoa kichwa. Ya fedha haikuvuta sana, lakini ulipoiwasha tu ilikuwa tayari. Mengine yote, akasema muuzaji, ni yale yale, hata vya ndani vyake vinaingiliana.

Tusajigwe akasema ziwa liko chini sana ya ukingo, na macho ya mama yamepungua nguvu; asiyevuta karibu atamletea mama doa la kijani. Lugano akasema ukungu wa kule haumngoji mtu. Wakati dada anasubiri lenzi itoke, ziwa litakuwa limeshajifunika. Muuzaji alipoulizwa, akasema wote wana haki, jambo ambalo halikumsaidia mtu. Walibishana mpaka duka likafungwa. Mwisho kila mmoja akanunua ya kwake: dada nyeusi, mdogo mtu ya fedha.

Wakapanda siku ya Jumamosi asubuhi, wao watatu na mwenyeji wa kuwaongoza. Njia ilikuwa ya msitu, udongo wa kuteleza. Lugano alipiga picha kila kitu. Alipiga mbega juu ya mti, akapiga mianzi, akajipiga mwenyewe na mianzi, akampiga mwenyeji, akampiga mbega yule yule tena. Katikati ya hayo alimpa mkewe kamera, akamwonyesha pa kubonyeza ili ampige yeye amesimama kama mkuu wa mkoa. Sekela alikuwa hajawahi kushika kamera maishani. Tusajigwe akamwonya mdogo wake kwamba betri ina mwisho. Lugano akacheka.

Tusajigwe mwenyewe aliibania yake. Mpaka wanafika kwenye gogo kubwa lililolala njiani alikuwa amepiga picha moja tu, na hiyo ilimponza, maana aliipiga akiwa amesimama juu ya gogo. Mguu ukateleza. Yeye alichubuka goti tu, lakini kamera nyeusi ilipiga mzizi lenzi ikiwa nje. Alipoiokota, lenzi imepinda, hairudi ndani wala haitoki, imekwama kama mtu aliyetoa ulimi. Akaitia mfukoni hivyo hivyo, akaendelea kupanda. Jumamosi tatu zilikuwa zinamuuma kuliko goti.

Walipofika ukingoni hawakuona ziwa. Waliona ukungu mtupu, mweupe, kama wamesimama mbele ya shuka lililoanikwa. Lugano akawasha kamera yake ili aijaribu. Ikaonyesha kialama chekundu, ikalia mara mbili, ikazimika, na haikuwaka tena. Akampa mkewe aishike, akaenda na mwenyeji kutazama kama upande wa pili kuna uwazi.

Hapo Tusajigwe akakumbuka neno la muuzaji, kwamba vya ndani vinaingiliana. Betri yake ilikuwa imejaa. Akaitoa kwenye kamera iliyokufa, akaishika ndani ya mfuko wa koti. Nanyi nawaambia ukweli, maana yeye hakuwahi kumwambia mtu: aliishika kwa muda mrefu. Aliona vikombe vinne. Aliona mtamba akifunguliwa kamba na Lugano, ambaye betri yake ilikwenda kwa mbega. Kisha akamwona mama yake amekaa mlangoni, akingoja. Akatoa mkono mfukoni.

"Wifi, chukua," akasema. "Jaribu hii."

Kamera ya fedha ikawaka mara moja.

Wakangoja. Saa nzima ikapita. Lugano akarudi, hakuna uwazi popote. Mwenyeji akasema mvua inakuja, na njia ile ikilowa haishukiki. Lugano akasema watarudi siku nyingine. Tusajigwe naye akainuka, akafuta matope kwenye sketi. Sekela peke yake hakuondoka pale ukingoni.

"Sisi tuna siku nyingine nyingi," akasema bila kugeuka. "Mama hana nyingi. Nitangoja."

Mumewe akamwamuru, hakusikia. Mwenyeji akamsihi, hakusikia. Basi wakaanza kushuka, wakidhani akiwaona wanapotea machoni atafuata. Hawakufika hatua hamsini upepo ukavuma juu ya vichwa vyao, mianzi ikalia. Wakarudi mbio. Walipofika, mbele yao palikuwa na shuka lile lile jeupe, na Sekela ameishika kamera kifuani kwa mikono miwili, anacheka.

Alikuwa amebonyeza mara tatu. Picha ya kwanza ni kidole gumba chake. Ya tatu ni ukungu. Ya pili ni ziwa Ngozi lote, kijani, kuta zimelizunguka, na kwenye maji pametulia kivuli cha wingu.

Wakaichapisha huko Mbeya mjini, ukubwa wa trei, wakampelekea mama. Subilaga aliiweka mapajani, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akapitisha kidole ukingoni mwa maji pole pole mpaka akamaliza kulizunguka. Mwishowe akacheka hadi kanga ikamwanguka begani.

"Miaka yote ile," akasema, "nilidhani baba yenu anatia chumvi."

Kisha akasimama, akajikongoja mpaka zizini, akafungua kamba ya mtamba, akarudi nayo mkononi. Akauliza ampe nani.

Lugano akasema bila haya kwamba kamera ni yake. Ya dada ingekuwa nzima, bado ingekuwa inatoa kichwa wakati ziwa linafunga mlango. Yeye ndiye aliyesema ukungu haungoji, yeye ndiye aliyeichagua, na yeye ndiye aliyemfundisha mkewe pa kubonyeza.

Tusajigwe akasema kamera bila betri ni jiwe, na jiwe halipigi picha. Lugano alikula yake njiani akicheza na mbega. Yeye aliibania yake, na kamera yake ilipovunjika alitoa kilichobaki akijua anampa mwenzake ushindi. Alisema hivyo, na lile la kuikawiza betri mfukoni akalimeza.

Sekela aliulizwa mara mbili ndipo akajibu. Akasema kamera si yake na betri si yake, hilo halina ubishi. Lakini mwenye kamera alishageuza mgongo, na mwenye betri alishageuza mgongo. Yeye angewasikiliza akawafuata, mama angekuwa bado anasimuliwa.

Subilaga aliwatazama mmoja mmoja. Akaona kila mmoja anasema kweli, na akaona pia kwamba watu watatu wamepiga picha moja na ng'ombe hagawanyiki akiwa hai. Majirani waliokuja kuiona picha wakaingilia, wakagawanyika mafungu matatu, na kina mama wa fungu moja wakakataa hata kunywa chai ya fungu jingine. Mtamba naye alikuwa ameshaanza kula migomba ya watu.

Mimi nimewafikisha hapo, na kamba bado iko mkononi mwa mama. Kamera ya Lugano, betri ya Tusajigwe, kidole cha Sekela. Haya, ninyi mliosikia yote, hata lile la mfukoni: mngekuwa ninyi ndio Subilaga, kamba hiyo mngemkabidhi nani?