Chai Isiyo na Maji

Wenye masikio yategeni, wenye simu zizimeni! Mjini Kilembwa walikuwepo watu watatu wenye vipaji. Sikudhani, mama lishe, aliijua chai kwa kuishika chupa tu. Fundi Mwakilasa aligonga ukuta kwa kidole akajua simenti imo au imesafiri. Haruna dobi alisoma suruali za watu kama wengine wasomavyo gazeti.

Mkandarasi wa zahanati alimwambia Sikudhani, "Dada, mpelekee mkaguzi Tindwa chai." Naye akapeleka chai. Ya tangawizi! Tindwa akafungua, akachungulia, akafoka: "Mbona hii ina maji?" Kesho yake mkandarasi akaijaza mwenyewe chupa ya Sikudhani. Njiani Sikudhani akaitikisa. Hakuna kilichocheza ndani. Akaifikisha, kimya.

Ukuta wenyewe wa zahanati aliujenga Mwakilasa. Aliugonga, ukamjibu mchanga mtupu. Jioni ileile ya chupa, Tindwa akausaini kuwa imara, na hata kivuli chake hakikufika pale. Mwakilasa akabeba mwiko wake, kimya.

Haruna naye akakuta kwenye suruali ya Tindwa kizibo cha chupa, kimepakwa rangi ya kucha, alama ya vyombo vya Sikudhani.

"Bosi, siku hizi unatembea na vizibo?"

"Haruna, lile shati la bluu chukua. Litakupendeza."

Likampendeza. Kimya.

Baada ya miezi miwili ukuta ukamwangukia Bibi Nyamizi, aliyekuja zahanati kufuata dawa. Mguu ukakatwa. Hapo ndipo watatu wale wakaenda kusema.

Mahakamani hakuna aliyeona noti hata moja. "Ushahidi wa kimazingira!" akacheka wakili wa Tindwa. Hakimu hakucheka. Aliunganisha: mtu aliyeikasirikia chai ya kweli, chupa isiyocheza, saini ya mtu asiyefika, kizibo mfukoni. Toa kimoja tu, Tindwa anarudi nyumbani. Akafungwa.

Halmashauri ikaleta ng'ombe mmoja wa maziwa, apewe shahidi aliyefaa kuliko wote.

"Bila chupa yangu mngeanzia wapi?" akasema Sikudhani.

"Na bila ukuta wangu je?" Mwakilasa akaishika kamba.

"Wako?" akauliza Bibi Nyamizi, kaegemea magongo.

Mwakilasa akaiachia kama imemuunguza. Sikudhani akainama. "Haruna, basi chukua wewe."

"Na shati hili mwilini, dada?"

Ng'ombe akakojoa. Hakuna aliyecheka.

"Amueni, wanangu," akasema Bibi. "Mimi siwezi kusimama sana."

Haya, wewe uliyekaa vizuri hapo: kamba ungemkabidhi nani?