Hodi ya Bibi Lubaba

Wanasimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Zabidi, huko Yemeni, alikuwepo mjane mcha Mungu aliyeitwa Bibi Lubaba. Miaka arubaini alisali dhuha, sala ya sunna ya asubuhi, katika pembe moja ya nyumba yake, chini ya dirisha, hata sakafu pale ikafanya alama ya magoti yake. Mumewe alipofariki, nyumba ikamwelemea. Akahamia kwa dada yake, ng'ambo ya kichochoro, na nyumba akampangisha mfinyanzi mmoja, Thaubani, na mkewe Rababu aliyekuwa na mtoto mchanga.

Sasa sikilizeni vizuri nyie wenye vyumba vya kupangisha, maana kisa hiki ni chenu. Bibi huyu hakuwahi kupangisha hata banda la kuku. Alitoa ufunguo mmoja, wa pili akabaki nao kiunoni. Kila asubuhi jua likishapanda, anafungua mlango, huyo ndani! Anasali dhuha yake. Akimaliza anaumwagilia maji mkomamanga wake wa uani, kisha anasema, "Mwanangu Rababu, mtungi hauwekwi hapo. Unawekwa pale." Na Rababu, maskini, anaukokota mtungi, kichwa wazi, mtoto yuko titini. "Ndiyo, Bibi." Angesema nini? Aliyeingia ndiye mwenye nyumba.

Ikawa hivyo miezi mitatu. Asubuhi moja Bibi akasukuma mlango, mlango ukagoma. Umetiwa komeo kwa ndani. Lahaula! Akasimama pale na ufunguo wake mkononi, hajui alie au apige kelele. Kisha akafululiza mpaka kwa kadhi wa mji, Sheikh Mundhiri.

"Ewe kadhi, nimefungiwa nje ya nyumba yangu! Nimezuiwa kumsujudia Mola wangu!"

"Nyumba ni ya nani, Bibi?"

"Yangu. Kila tofali lake nalijua."

"Na kukaa ndani yake umempa nani?"

"Nimewapa Thaubani na mkewe. Lakini ni yangu!"

"Ni yako. Kuta ni zako na mkomamanga ni wako. Ila ruhusa ya kuingia uliitoa siku ile uliyopangisha. Pale sasa wewe ni mgeni."

Hapo Bibi akachanganyikiwa kabisa. Nyumba iwe yake, mlango usiwe wake? Msimcheke. Mimi mwenyewe, mwalimu wangu aliponisomea kisa hiki, nilikaa siku mbili sielewi mtu anakuwaje mgeni kwake. Lakini kumbe Bibi alikuwa na la kumchoma zaidi.

"Na sala zangu?" akauliza, sauti imeshuka. "Miezi mitatu nimesali mle bila kuomba ruhusa. Zimekubaliwa?"

"Hilo, Bibi yangu, silijui. Waendee wenye ruhusa."

Akarudi njia nzima akijiuliza na kujijibu, na majibu hayakai. Alipofika mlangoni akainua mkono, mkono ukabaki hewani. Miaka arubaini, mlango ule hajawahi kuubisha hodi! Akatoa salamu. Kimya. Akatoa ya pili.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Rababu.

Neno "mwenye nyumba" likamfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. "Lubaba," akasema. "Jirani yako."

"Subiri kidogo, Bibi, nijifunike."

Akasubiri juani. Na hapo ndipo alipolia. Miezi mitatu hakumwachia binti wa watu hata muda wa kuvuta mtandio. Rakaa zake alizihesabu zote, haya ya mwenzake hakuiona.

Mlango ulipofunguliwa, akautoa ufunguo kiunoni. "Shika, mwanangu. Nimeingia kwenu kama mwizi na nimesali kwenu bila idhini. Nisameheni."

Rababu akababaika, asijue aupokee au aurudishe. "Tumekusamehe, Bibi. Nilitia komeo kwa kuwa nanyonyesha, nikaona haya kukwambia. Pembe yako hatujaweka kitu. Njoo usali, bisha tu hodi."

Inasemekana Bibi aliishi miaka tisa baada ya hapo. Siku nyingine hukaribishwa, siku nyingine huambiwa, "Leo hapana, Bibi," naye hurudi akasali barazani kwa dada yake, kuku wanampita mbele. Alipokuwa mgonjwa wa kufa, dada yake akamuuliza ni sala zipi anazozitumainia zaidi mbele ya Mola wake.

Akasema, "Zile za barazani. Za siku nilizorudishwa."

Basi ndugu zangu, haki ya mwenzio haipungui kwa kuwa mahali ni pako. Na wewe uliyeketi kule nyuma, mwenye ufunguo wa pili mfukoni, unajijua. Kesho asubuhi uurudishe, na kabla hujaurudisha, bisha hodi.